Rezo ya Reli, Rezo ya Ziwa

Rezo yetu ya zamani ya simu ilipokufa, Kalemie nzima ilipanda kilimani. Nikisema nzima, toa wagonjwa na mama wakaanga maandazi. Sisi wengine wote tulikuwa juu, mikono hewani, kila mmoja na simu yake, tunaigeuza kusini, tunaigeuza magharibi, tunaipuliza utadhani ni kaa la moto. Padri alikuwepo. Shehe alikuwepo, amekunja kanzu mpaka magotini. Polisi mmoja mnene alipanda juu ya paa la shule, akapiga kelele kwamba amepata mstari mmoja, na watu wakamkimbilia hadi mabati yakalia. Kumbe mstari ule ulikuwa ufa wa kioo cha simu yake.

"Ni hitilafu ya muda," niliwaambia majirani, kwa sauti ya mtu aliyesoma shule ya jioni, mchana akipima magunia bandarini, usiku akipima pembetatu, mpaka akapata diploma ya Serikali na mvi za kwanza kwa pamoja. Waliniamini, maana diploma ile niliitundika sebuleni mahali ambapo hata mtu anayeomba maji dirishani lazima aione. Siku zikapita. Mnara wa kampuni ulibaki pale pale, mrefu, mkavu, taa yake nyekundu imezimika. Wakasema mazuti, mafuta ya jenereta, hayafiki kwa sababu ya vita. Wakasema walinzi wamekimbia. Mwishowe nami niliacha kusema hitilafu, nikabaki na muda peke yake, nao ulikuwa mwingi.

Wengine, rezo ilipokufa, walikosa bei ya ndagala, wale dagaa wa Kigoma. Mimi nilimkosa mke wangu.

Alikuwa amekwenda Niemba kumsaidia mama yake kuvuna karanga. Aliondoka na kikapu, na vitenge vyake, na namba yangu kichwani, kwa maana nyumbani tulikuwa na simu moja tu na ilibaki kwangu. "Nitakubipu kwa simu za watu," aliniambia pale stesheni. "Na weye usipokee!" Nikamwambia nimesikia. Halafu vita vile vya mishale na moto vikafika upande ule, kijiji cha mama mkwe kikaungua, watu wakatawanyika, na rezo ikafa, mambo yote hayo karibu kwa pamoja, kama yaliyopanga.

Nieleze kubipu, endapo yuko asiyejua. Unampigia mwenzako, simu yake inalia mara moja, unakata kabla hajapokea. Hakuna inite zinazoliwa, na inite ndiyo pumzi ya simu: zikiisha, umekuwa bubu. Kwa bipu moja watu wa Kalemie wanasema nimefika, bukari, yaani ugali, iko tayari, nifungulie mlango, nakupenda, na mjomba amekufa, na wote wanaelewana. Anayepokea bipu ya mtu kwetu ana sifa sawa na yule anayefunua sufuria za jirani. Wakati wa uchumba mimi nilipokea bipu ya mke wangu. Furaha tu, kidole kiliteleza. Inite zake za mwisho zikaisha nikiwa bado nasema "alo". Alininunia hadi nikakonda, mama yangu akataka kunipeleka hospitali. Tangu hapo, simu ikilia na nikijua ni yeye, mikono naiweka mgongoni.

Basi nikaanza kutembea. Mwili wangu mwenyewe haukuwa na mahali pa mimi kukaa. Kabla ya kazi nilikwenda Katanika, ambako waliokimbia walikuwa wanajenga vibanda vya nyasi na maturubai, nikapita kibanda kwa kibanda nikitazama nyuso za wanawake, mpaka waume zao wakaanza kunitazama mimi. Nilikula nimesimama. Nililala na viatu. Viatu vyenyewe vilichoka vikafungua midomo. Wale waliofika kwa barabara ya Niemba walikuwa na majeraha ambayo sitayapamba. Mbele yao hata mimi nilinyamaza. Nikiwauliza habari za mke wangu na mama yake, walinipa habari mbili. Wengine walisema watu wa kijiji kile walifuata reli kwenda magharibi, Nyunzu. Wengine wakasema hapana, walishika vilima vya kusini, wanashukia ziwani upande wa Moba.

Na hapo ndipo ilipobidi nichague rezo mpya.

Kampuni mbili zilikuwa zimebaki hewani. Majina yao makubwa yaliandikwa kwenye kuta, lakini sisi hatukuyatumia. Moja tuliiita rezo ya reli, kwa sababu minara yake ilifuata reli, ikashika Nyunzu mpaka Kabalo. Nyingine ilikuwa rezo ya ziwa, iliyoshuka na ufuko wa Ziwa Tanganyika mpaka Moba na, ukisimama vizuri, ikapanda hata Pepa kwa wachunga ng'ombe. Miezi ile zilikuwa hazisemezani. Wa reli hampati wa ziwa, wa ziwa hampati wa reli. Wake wenza wana afadhali. Kwa hiyo kwa watu wengine kuchagua rezo kulikuwa kuchagua bei na zawadi ya kofia. Kwangu kulikuwa kuchagua njia ambayo mke wangu alikimbilia.

Utasema: nunua kadi zote mbili, uwe unabadilisha. Simu yangu ilikataa. Ilikuwa imeangukiwa na gunia la mahindi pale bandarini, kioo kikafa, ikawa haionyeshi namba, wala jina, wala ujumbe. Ilijua kulia tu. Na kile kitanda cha kulaza kadi kilivunjika, fundi akasema dawa yake ni kuigandisha kadi kwa gundi na kisu cha moto. "Lakini moja, Papa," akaniambia, kama tunavyomwita kila mwanaume mzima. "Ukishaiweka usiitoe. Ukiitoa inapasuka." Simu nyingine kwangu wakati ule ilikuwa mbali kuliko mwezi, na ya kuazima kutwa kucha nani atakupa?

Tukaenda kuchagua, mimi na shemeji, kaka mkubwa wa mke wangu, fundi wa baiskeli ambaye simu yake aliiuza vita vilipoanza. Karibu na soko kulikuwa na mama mmoja mwenye parasoli, mwavuli wa jua, kubwa iliyopauka. Chini yake aliuza kadi za rezo zote mbili, inite, biskuti na dawa ya panya.

"Ya ziwa," shemeji akasema kabla hatujasalimu. "Dada yangu ni mutu wa maji. Akiona mambo yameharibika anatafuta maji."

"Dada yako ni mutu wa mama yake," nikamjibu. "Na mama yake ana magoti. Vilima vya kusini atavipanda namna gani? Reli iko tambarare."

"Unamujua kunipita? Mimi nilimubeba mugongoni."

"Na mimi nilimuoa."

"Ulimuoa juzi!"

"Mama, sema weye," nikamgeukia mwenye parasoli. "Rezo gani njo nzuri, ndiyo ya kununua?"

"Nzuri kwa kufanya nini?"

"Kwa kupata muke."

"Muke mupya, chukua ya ziwa, wasichana wote wako mule. Muke wa zamani..." Akaona uso wa shemeji, akaacha mzaha. Akafuta kadi zake kwa pindo la kitenge. "Papa, mimi nauza kadi. Njia siuzi. Ukichagua mubaya, usinirudishie."

Niliondoka, nikarudi. Nilizunguka soko zima, nikarudi. Nikanunua ya ziwa, nikairudisha kabla hajaitia pesa yangu kwenye kibindo, na akanitukana kwa upole. Shemeji alikaa kwenye jiwe, anazungusha spoku kidoleni, haniangalii. Kama nikikosea, mke wangu angekuwa anapiga simu kutoka Moba na mimi nimelala na kadi ya Kabalo. Kama nisipokosea, ni bahati tu, na diploma yangu haina hata mstari mmoja juu ya bahati. Mwishowe yalishinda magoti ya mama mkwe. Nikachukua rezo ya reli. Fundi akaigandisha kwa gundi na moto, ikatoa harufu ya ukwato, ikawa imekwisha.

Kilichobaki kilikuwa mke wangu ajue namba mpya. Kwa hilo kulikuwa na redio. Kila jioni redio ya hapa ilisoma komunike, matangazo ya watu waliopoteana, na maredio ya njiani yakazipokezana mpaka mbali. Niliandika yangu kurasa tatu. Ilianza na "Nuru ya Tanganyika, ua la maisha yangu", ikapitia hatima ya mataifa, ikaishia kwa salamu za mama mkwe na magoti yake. Msomaji wa redio, kijana mwenye huruma na mkasi, akabakiza majina yetu, namba, na "mume wako yuko mzima". Nikambembeleza aongeze sentensi moja tu, ile ya muhimu: "Ukiwa mzima, bipu." Akaiongeza. Niliisikiliza ikisomwa, nimesimama katikati ya uwanja wa jirani, nikaona kazi nzuri imefanyika.

Siku zilizofuata niliishika ile simu mpaka mkono ukachukua umbo lake. Nilikwenda nayo chooni. Nilipima magunia nayo mdomoni. Na jioni moja bandarini, saa ambazo watu wanawasha mikaa, ikalia.

Mikono ikaenda mgongoni yenyewe. Simu ilikuwa juu ya mzani, inalia, na mzani unatetemeka, na wabeba mizigo wote wamesimama na magunia vichwani. Ikalia, ikalia, mpaka ikanyamaza.

"Ni muke wangu!" nikapiga kelele. "Njo yeye! Ni muzima!"

Siku ile nilicheza na watu ambao sijui majina yao mpaka leo. Nahodha wa boti la Kigoma alinikumbatia akidhani nimepata mtoto. Nikakimbia mpaka kwa shemeji, nikamkuta ameinama kwenye gurudumu.

"Amebipu! Rezo ya reli! Nilikuambia nini?"

Shemeji alifumba macho akamshukuru Mungu kwanza, halafu akakumbuka kwamba ameshindwa. "Na unajuaje kama ni yeye? Simu yako ni kipofu."

"Nani mwingine ana namba hii?"

"Redio nzima ina namba hii."

Lakini kesho yake ililia tena, saa zile zile, na kesho kutwa pia, na hata yeye akaacha ubishi. Akawa anakuja jioni tuisikilize pamoja. Tuliiweka juu ya kigoda, tukakaa pembeni. Tatizo lilikuwa moja: bipu ya mke wangu ilikuwa ndefu. Bipu za watu ni kikohozi kimoja, kimekwisha. Yake ililia mpaka ikakoma yenyewe, na siku nyingine ikinyamaza inaanza upya pale pale.

Nililieleza jambo hilo kwa elimu. "Bipu moja ni muzima," nikasema. "Bipu nyingi ni muzima sana."

"Ao ana hasira," shemeji akasema.

"Hasira ya nini?"

"Na mimi nitajua? Ni muke wako."

Mpima mizigo mwenzangu alikuwa na maoni kwamba urefu wa mlio ni urefu wa safari. Mama jirani akasema anatuimbia. Nikachukua hayo yote, nikayatia chumvi yangu, na ilipofika Jumapili mtaa mzima ulijua kwamba mke wangu yuko Nyunzu, amenenepa, amelala kitanda cha chuma, na ananipigia mlio mrefu kwa mapenzi. Niliyasema hayo nikicheka. Halafu watu wakiondoka, nilirudi kutembea. Kama ni mzima sana, mbona haji? Kama amelala vizuri, mbona ule mlio una haraka? Mlio hauna haraka, ni ule ule wa kiwandani, lakini mimi nilisikia haraka. Jioni moja kidole kilifika kabisa kwenye kitufe. Nikakumbuka ule mnuno wa uchumba, na inite za watu anazoazima huko, nikakirudisha.

Siku moja nilitoka kazini mapema nikapita kwa mama wa parasoli kununua biskuti za kupeleka Katanika. Nilikuwa namsimulia kitanda cha chuma, simu ikalia mfukoni. Nikaitoa, nikaiweka juu ya boksi la dawa ya panya, mikono mgongoni.

"Pokea," akasema.

"Hapana. Ni muke wangu, anabipu."

Akasikiliza. Simu inalia. Akanitazama mimi, akaitazama simu. "Anabipu?"

"Kila siku. Ana mapenzi marefu."

"Papa, weye una akili yako yote? Bipu inalia namna hii? Huyu habipu. Huyu anakuita! Huyu ni mutu anapiga hodi mulangoni na weye umekaa ndani unacheka!"

"Mama, usiguse! Utamula inite!"

Aliichukua. Mimi nilirusha mkono, nikaangusha biskuti. Yeye tayari amebonyeza na kuweka sikioni. "Alo! Sema!" akasema, kwa ile sauti yake ya kuita wateja, tamu, ndefu. Akasubiri. Akaitoa sikioni, akaitazama kana kwamba kile kioo kipofu kitamwambia kitu.

"Amekata."

"Nani?"

"Bibi mumoja. Alisema alo, akasikia miye, akakata."

Tukatazamana chini ya ile parasoli. Sikuhitaji diploma kuona tulichokifanya. Mke wangu alikuwa ameniita jioni zote zile, ameniita kabisa, ana neno la kusema, na mimi nilisimama na mikono mgongoni nikisikiliza kama muziki wa harusi. Na siku simu ilipopokelewa, alipokea mwanamke.

"Ee Mungu wangu," mama wa parasoli akasema. "Na sauti yangu hii."

Hatukuweza kumrudishia simu. Namba ya yule aliyemwazima simu ilikuwa ndani ya simu yangu, na simu ilikuwa haionyeshi kitu. Nilikaa pale mpaka jua likaisha, haikulia. Kesho yake saa za mikaa zikapita, kimya. Shemeji alipofika nikamweleza yote. Nilitegemea anipige. Yeye akasema, "Kadi inatoka namna gani?"

Ndivyo tulivyoamua. Akipiga tena, hata mara moja tu, lazima tuione namba. Kwa hiyo kadi itoke kwenye simu yangu, iingie kwenye simu ya mama wa parasoli, nzima au vipande. Ikipasuka, basi, na ile namba ya redioni imekufa, na yeye hana nyingine. Shemeji alishika simu. Mama wa parasoli alipasha wembe kwenye mkaa wa jirani yake wa maandazi. Mimi niliambiwa nigeuke, kwa sababu nilikuwa natetemesha meza. Nikageuka, nikasikia kitu kinasema ka, kidogo, kama mwiba wa samaki.

"Kona tu," shemeji akasema. "Kona imebaki. Imetoka."

Iliwaka. Kona imekatika, lakini iliwaka, na kioo cha mama kikaandika jina la rezo ya reli. Kuanzia hapo nikawa mkaaji wa parasoli. Kila nilipotoka bandarini nilikwenda pale, nikauza biskuti, nikauza inite, nikamwuzia mtu dawa ya panya badala ya biskuti na mama akamkimbiza akaipokonya. Kila simu ya mpita njia ikilia, mimi niliruka. Mama wa parasoli hakunifukuza. Alisema tu kwamba kama nikiruka tena nitang'oa mti wa parasoli yake.

Ilipolia, ililia mchana, jua likiwa utosini, saa ambayo sikuitegemea. Kioo kikaonyesha namba nisiyoijua. Mama akarudi nyuma hatua nzima, mikono juu, kama mbele ya askari. Nikapokea mimi.

"Alo, Papa," sauti ya mwanaume, ya upole, ya mtu aliyezoea kusema polepole. "Mimi ni mwalimu hapa Nyunzu. Nina muke wako na mama yake, wako kwangu tangu siku nyingi. Wanatumia simu yangu. Amekataa kukuita tena. Mimi ninakuita kwa inite zangu, kwa sababu nimechoka kumuangalia. Niambie neno moja tu. Yule mwanamuke aliyepokea ni nani?"

"Ni muuza inite!" nikapiga kelele, soko zima likageuka. "Muuza inite, mwalimu, na biskuti, na dawa ya panya!"

Mama wa parasoli akainyakua ile simu, akawasha spika. "Mwalimu! Njo miye! Mimi ni mama wa watoto wanane, sina hata nafasi ya kuwa mwanamuke wa mutu! Huyu Papa alikuwa anasema muke wake anabipu! Anabipu mpaka mwisho! Alikuwa anaweka mikono mugongoni, hivi!" Akaweka mikono mgongoni, kumwonyesha mtu aliye Nyunzu.

Mbali na simu nikasikia mtu anavuta pumzi, na ile pumzi niliijua.

"Mikono mugongoni?" mke wangu akasema.

"Wewe ulisema nisipokee," nikamwambia. Ndiyo maneno ya kwanza niliyompa baada ya vita vyote vile. Si nuru ya Tanganyika, si ua.

"Nilisema bipu! Mimi nimekuita! Nimesikia redio inasema bipu, nikajiambia huyu mwanaume wangu njo namna yake, nyumba inaungua yeye anasema bipu. Nina neno la kukuuliza, nitabipu namna gani neno?" Alikuwa anacheka au analia, spika ile haikuwa na uwezo wa kutofautisha. "Nilisema umekufa. Halafu nikasema hukufa, umeoa."

"Neno gani?"

"Kuna treni ya mizigo kesho asubuhi, inapanda Kabalo. Tangu mwanzo Mama anataka twende kwa kaka yake Lubumbashi, tukae kule vita vipite. Na kuna watu wa baiskeli wanarudi kwenu kesho hiyo hiyo, kwa barabara ya Niemba. Wamesema watanibeba. Mama anaenda na treni, hilo limekwisha. Mimi njo sijui. Nije?"

Shemeji alikuwa amefika, gurudumu mkononi, amesimama nyuma yangu. Alisikia.

Wiki zote zile nilikuwa na jibu moja mdomoni, nililitembeza Katanika, nilipanda nalo kilimani, na lilikuwa "njoo". Kitanda nilikwisha kukitengeneza. Nilifungua mdomo. Na nilichoona ni barabara ile, na wale waliofika kwayo, na mwanamke mmoja pale Katanika aliyeniuliza kama mkono wake ungeota tena. Aliniuliza mimi kwa kuwa ni mtu mwenye diploma.

"Panda treni," nikasema.

"Unasema?"

"Panda treni, muende na mama. Barabara si nzuri."

"Weye unaongezaka mambo. Unasema kweli ao ni maneno yako?"

"Kweli."

Mwalimu alikohoa huko nyuma. Mtu alipita na mkokoteni, akapiga kengele, mama wa parasoli akamtishia kwa ndala.

"Lubumbashi ni mbali," mke wangu akasema.

"Ni mbali."

"Basi nitaenda. Lakini nikifika nitakuita. Na weye utapokea?"

"Nitapokea."

"Hata kama ni inite zangu za mwisho?"

"Hata hizo."

Akasema jambo jingine, la kwetu wawili, na kwa ile spika likawa la soko zima, na soko likafanya kama halijasikia. Halafu ikakatika. Inite za mwalimu, nadhani.

Shemeji aliweka gurudumu chini. Nilijua alitaka amwone dada yake wiki ile ile. "Umemutuma Lubumbashi kama barua," akasema. Halafu akakaa kwenye jiwe, akajifuta uso kwa ule mkono wa grisi, uso ukawa mweusi. "Reli iko tambarare," akaongeza. "Mama na magoti yake. Ni vizuri."

Mimi sikuweza kukaa. Nilizunguka parasoli, nikarudi upande ule ule. Simu haikuwa yangu, kadi yangu haina kona, na mke wangu kesho angekuwa anakwenda na mabehewa mbali na kila mnara niliokuwa nimemhesabia. Nikaanza kazi upya.

"Mama," nikamwambia, "Lubumbashi, rezo gani inashika?"

Aliokota biskuti nilizoangusha nikizunguka, akazipuliza moja moja, akazipanga.

"Zote, Papa," akasema. "Kule ni muji mukubwa. Kule zote zinashika. Chagua unayotaka."

Nikasimama mbele ya kadi zile, nikazitazama mpaka akafunga parasoli.